Nina Bila Maneno

Banda la vidio pale Macalder lilikuwa na kuta za mabati, mabenchi ya mbao na jenereta iliyonguruma nyuma kama trekta. Jioni wachimbaji waliingia na vumbi la mawe bado kichwani, wakalipa, wakakaa. Muvi yenyewe ilikuwa ya Kichina au ya Kihindi, lakini sauti ilikuwa ya DJ Afro. Stering anafungua mdomo, Kiswahili cha Nairobi kinatoka. Sisi watoto tuliobanana mbele hatukuwahi kujiuliza yule mwigizaji mwenyewe alikuwa amesema nini. Kwetu alikuwa uso, mikono na mateke. Maneno yalikuwa kazi ya mtu mwingine.

Nimelikumbuka sana hilo banda tangu nianze kufuatilia habari za Edwina Booth. Huyu alikuwa mwigizaji Mmarekani aliyeanza kwenye filamu bubu, akaletwa Afrika Mashariki mwaka 1929 kuigiza katika filamu kubwa, na akiwa huku huku sinema ikaanza kusema. Ukisoma historia ya Hollywood utaambiwa kwamba mpito kutoka filamu bubu hadi filamu za sauti ulifanyika California, ndani ya studio zilizofungwa milango ili makelele yasiingie. Kwa mwanamke huyu, sehemu kubwa ya mpito huo ilikuwa safari ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, na alirudi kwao na malaria.

Tuanze na jina. Alizaliwa Josephine Constance Woodruff, mjini Provo, jimbo la Utah, mwaka 1904, binti wa daktari katika familia ya Wamormoni. Edwina Booth lilikuwa jina la kazi, kama vile wasanii wetu wanavyojibatiza. Kufikia 1928 alikuwa anapata vijisehemu. Alikuwamo katika Manhattan Cocktail ya mwelekezaji Dorothy Arzner, kisha katika Our Modern Maidens ya 1929, filamu ambayo macho ya kila mtu yalikuwa kwa Joan Crawford. Hizi zilikuwa filamu za katikati, si bubu kabisa na si za kusema kabisa. Ya kwanza ilikuwa na vipande vya mazungumzo, ya pili ilikuwa na muziki bila mazungumzo. Ukipepesa macho unaweza kumkosa Edwina.

Wakati huo Hollywood ilikuwa imeshikwa na homa. The Jazz Singer ilitoka Oktoba 1927, na ndani ya miaka miwili kila studio ilikuwa inakimbizana na sauti. Waigizaji walioishi miaka kumi kwa macho na mabega peke yake sasa waliitwa mbele ya maikrofoni, mmoja mmoja, kama wanafunzi wanaoitwa kusoma kwa sauti mbele ya darasa. Mwenye lafudhi ya nje alitetemeka. Studio ya MGM ilimweka Greta Garbo, ambaye alikuwa Msweden, kando ya maikrofoni kwa muda mrefu kiasi kwamba alipozungumza kwa mara ya kwanza katika Anna Christie mwaka 1930, tangazo lenyewe lilikuwa kwamba Garbo anazungumza. Habari ya kuuza ilikuwa hiyo tu.

Katika kelele hizo ndipo MGM ilipoamua kupeleka kamera Afrika. Kulikuwa na kitabu kilichouzika sana, Trader Horn, kilichotoka 1927, kumbukumbu za mzee mmoja mfanyabiashara, Alfred Aloysius Smith, aliyejiita Horn, zilizoandikwa kwa msaada wa Ethelreda Lewis huko Johannesburg. Mambo ya kitabu hicho yanatokea Afrika Magharibi, upande wa Gabon na mto Ogowe. Filamu ikapigwa kwetu. Umbali kati ya Gabon na Mombasa haukumsumbua mtu pale studio. Afrika ni Afrika, na huku kulikuwa na reli, mahoteli ya Nairobi, wawindaji wa kukodi na wanyama wa kutosha.

Mwelekezaji alikuwa W. S. Van Dyke, ambaye alikuwa amefanya White Shadows in the South Seas kule Tahiti, filamu ya 1928 iliyokuwa ya kwanza ya MGM kutoka na sauti iliyorekodiwa. Alijulikana kwa kupiga haraka na kutojali shida za porini. Akachukua wanaume wawili, Harry Carey, nyota wa zamani wa filamu za kaboi, na Duncan Renaldo, kijana mwenye sura ya kupendwa. Na akahitaji wanawake wawili weupe.

Mmoja alikuwa Edwina. Wa pili, baada ya mabadiliko ya hapa na pale, akawa Olive Carey, mke wa Harry. Olive ndiye mwanamke ninayemtazama kila ninapotaka kuelewa kilichompata Edwina. Alizaliwa 1896. Alikuwa kwenye filamu bubu tangu miaka ya 1910, akitumia jina la Olive Fuller Golden, na alikuwamo katika Tess of the Storm Country ya Mary Pickford mwaka 1914. Akaolewa, akapata watoto, akaweka kazi kando. Katika Trader Horn anaigiza mmishonari mzee aliyezunguka Afrika miaka ishirini akimtafuta binti yake aliyeibwa akiwa mtoto mchanga. Binti huyo ni Edwina. Piga hesabu mwenyewe: mama anamzidi binti miaka minane. Sinema haijawahi kuwa na aibu kuhusu umri wa wanawake.

Na binti sasa. Jina lake kwenye hadithi ni Nina. Msomaji wa Kiswahili anasimama hapo kidogo, kwa sababu kwetu hilo ni sentensi iliyokatwa. Nina nini? Hadithi inasema alichukuliwa na kabila linaloitwa Isorgi, ambalo usilitafute kwenye ramani yoyote, akalelewa, akawa mungu wa kike mweupe anayetawala watu weusi kwa mjeledi na ukatili. Horn na kijana wake wanampata, anataka kuwaua, kisha anampenda kijana na kuwatorosha. Huo ndio mzizi wa hadithi: mtoto mmoja wa kizungu, hata akikulia mikononi mwetu bila shule na bila kabati la nguo, lazima atakuwa mtawala wetu. Sitaupaka sukari. Filamu hii ni ya kibaguzi kuanzia mifupa yake.

Lakini angalia jambo moja kuhusu Nina. Kwa kuwa amelelewa na Isorgi, hajui Kiingereza. Anapiga kelele, anaamrisha, anatoa maneno ya lugha iliyofinyangwa kwa ajili ya filamu, lakini mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza karibu hana. Fikiria hiyo bahati. Hapa kuna mwigizaji wa miaka 24, katika mwaka ule ule ambao kila mwigizaji Marekani anahangaika kuonyesha kwamba ana sauti na matamshi, anapewa nafasi kubwa kuliko zote za maisha yake, na nafasi hiyo haina maneno. Kwa maana fulani aliajiriwa kama mwigizaji wa filamu bubu ndani ya filamu ya kusema.

Msafara ulifika Mombasa mwaka 1929, ukaingia bara. Mwaka huo sehemu zetu za Nyatike hazikuwa na mgodi wowote wa kuitwa Macalder. Wazungu wa dhahabu walikuja katika muongo uliofuata, na shaba ikachimbwa kwa wingi baadaye zaidi, miaka ya 1950. Watu wa sinema walitangulia kuja Afrika Mashariki kuchukua kitu na kuondoka nacho, wao wakachukua picha. Walipita nchi kadhaa, wakapiga maporomoko ya Murchison kule Uganda, viboko, mamba, mikusanyiko mikubwa ya watu wakicheza ngoma. Kamera ilikuwa ya Clyde De Vinna, ambaye baadaye alipata tuzo ya Oscar kwa zile picha za Tahiti.

Filamu ilikuwa imepangwa kuwa bubu. Kazi ikiwa imeanza, studio ikaona upepo umegeuka na ikatuma mitambo ya sauti. Jaribu kupata picha ya kazi hiyo. Kamera ya filamu bubu inaweza kubebwa begani, ikawekwa juu ya jiwe, mwelekezaji akawa anapiga kelele maagizo wakati mwigizaji anaigiza. Kamera ya sauti haitaki kelele. Mwelekezaji anyamaze, wapagazi wanyamaze, injini izimwe, maikrofoni ifichwe mahali, nyaya zitandazwe. Halafu upepo unavuma kutoka ziwani, nyenje wanaanza, na kazi ya asubuhi imekwisha. Yeyote aliyewahi kurekodi harusi kijijini kwa simu anajua ninachozungumzia.

Matokeo yalikuwa kwamba sehemu kubwa ya mazungumzo ilibidi irudiwe Marekani. Na ili irudiwe, walihitaji sura zile zile. Kwa hiyo wanaume wawili Waafrika walipandishwa meli hadi California: Mutia Omoolu, aliyeigiza Rencharo, mbeba bunduki wa Horn, na Riano Tindama. Mutia ni jina ambalo mtu wa Ukambani atalidai mara moja. Hilo la pili, mtu wa Migori atakuambia karani alikosea, kwamba ni Omolo. Tuwaachie wagombane. Ninachojali ni kwamba huyu bwana yuko kwenye orodha ya waigizaji wakuu, ana uso unaokumbukwa kuliko wa Renaldo, na anapewa kifo cha kumliza mzungu wake kabla filamu haijaisha. Wakosoaji wengi wamesema ndiye bora kuliko wote humo ndani. Nimeitazama filamu mara mbili, nakubaliana nao. Anapotembea, filamu inaacha kuwa maigizo.

Baada ya hapo, sinema haikumpa njia ya kuendelea. Hapakuwa na njia. Mutia aliitwa kurudia maneno yake, akayarudia, kazi ikaisha.

Edwina naye alikuwa ameanza kuugua wakiwa bado huku. Vazi la Nina lilikuwa kidogo sana, nywele na manyoya na basi, na ndani ya vazi hilo alisimama juani siku nzima na mbele ya mbu jioni. Alipata malaria, na mengine juu yake. Aliporudi Marekani aliporomoka. Kwa vipindi virefu alilazwa katika chumba chenye giza kwa sababu mwanga ulimuumiza, na baba yake, daktari, akampeleka hadi Ulaya kutafuta matibabu.

Magazeti ya Marekani yalipata chakula. Yakaandika juu ya ugonjwa wa ajabu wa msituni, kama laana iliyomfuata mungu mweupe mpaka nyumbani. Hapa mtu wa ukanda wa ziwa hucheka kwa uchungu kidogo. Sisi malaria tunaijua kwa jina lake la nyumbani. Nyatike nzima hakuna nyumba ambayo haijawahi kukesha na mtoto anayetetemeka chini ya blanketi tatu mwezi wa Mei. Dawa ya kwinini ilikuwapo mwaka 1929, neti pia. Kilichomuumiza Edwina kilikuwa kitu cha kawaida sana kazini: mwajiri aliyemvua nguo, akamweka juani na mbele ya mbu kwa miezi, na kuendelea kupiga picha. Ukiita hiyo laana ya Afrika, mwajiri anatoka mikono mitupu na safi.

Edwina hakuiita laana. Aliishtaki MGM, akidai zaidi ya dola milioni moja. Kesi ilimalizwa nje ya mahakama, kama kawaida ya kesi za aina hiyo. Kabla ya hapo alikuwa ameshaburutwa mahakamani yeye mwenyewe, maana mke wa Renaldo alimshtaki kwamba alimnyang'anya mume kule safarini. Kesi hiyo haikufika mbali, lakini jina lilikuwa limeshapakwa. Tangazo la filamu lilimuuza kama mwanamke mkatili kuliko wote Afrika. Baada ya hapo nani angemwamini?

Na bado yeye alikuwa na mahakama ya kwenda. Masimulizi yanayorudiwa kuhusu utengenezaji wa Trader Horn yanasema kwamba wakati wa kazi mfanyakazi mmoja alianguka mtoni akaliwa na mamba, na kijana mmoja Mwafrika akauawa na kifaru kamera ikiwa inazunguka, na kwamba picha hiyo iliachwa ndani ya filamu. Kijana huyo hutajwa bila jina. Hakuna anayesimulia kesi ya mama yake. Nikisoma kuhusu chumba cha giza cha Edwina namwonea huruma ya kweli, halafu namkumbuka huyo kijana na huruma inagawanyika, na sijapata namna ya kuiunganisha tena.

Filamu ilitoka 1931 na ikavuma. Iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora, ikashindwa na Cimarron. Picha za porini zilizobaki hazikutupwa. Mwaka uliofuata Van Dyke yule yule akazitumia katika Tarzan the Ape Man, ya Johnny Weissmuller na Maureen O'Sullivan. Kwa hiyo kama umewahi kumwona Tarzan wa kale akiruka huku na kule na ukajiuliza mbona ile mandhari inafanana na kwetu, jibu ni kwamba baadhi yake ni kwetu kweli. Jeni wa Tarzan naye alipewa kilichomkosa Nina: mistari ya kusema, mizaha, mikataba ya filamu zilizofuata.

Edwina hakuwa amekata tamaa mara moja. Hili husahaulika. Kati ya 1931 na 1932, mwili ukiwa haujapona, aliigiza filamu kadhaa za kusema. Mbili zilikuwa za mfululizo, sehemu kumi na mbili kila moja, za studio ndogo ya Mascot: The Vanishing Legion na The Last of the Mohicans, zote pamoja na Harry Carey. Zilikuwa kazi za haraka na bei nafuu, zile ambazo watoto walirudi kila Jumamosi kuona stering ameponaje. Humo Edwina anazungumza Kiingereza. Ukimsikiliza, sauti yake haina kasoro. Si sauti ya kukumbukwa milele, lakini ni safi, na ingemtosha. Kwa hiyo ile hadithi rahisi ya mwigizaji wa filamu bubu aliyeangushwa na maikrofoni haimhusu. Maikrofoni aliishinda. Kilichomwangusha kilikuwa mwili aliotoka nao safarini.

Baada ya 1932 hakuna filamu tena. Akatoweka kabisa, kiasi kwamba uvumi ukazuka kuwa amekufa, na uvumi huo ukachapishwa ukaaminiwa miaka na miaka. Ukweli ni kwamba alipona, akaishi kimya, akalitumikia kanisa lake, pamoja na kazi katika hekalu la Los Angeles. Hakutaka kuzungumzia sinema. Alifariki 1991, na miaka 86, akiwa ameishi kuliko wengi wa waliomzika kwenye magazeti.

Olive, mama yake wa kwenye filamu, alikwenda porini kule kule, akarudi, akalea watoto. Mumewe alipofariki 1947 akarudi kazini, na mwaka 1956 ukimtafuta katika The Searchers ya John Ford utamwona, mwanamke wa makamo mwenye uso wa upepo, anazungumza bila kubabaika. Alifariki 1988. Huyo ndiye aliyevuka kutoka filamu bubu hadi za sauti. Nadhani ilimsaidia kwamba hakuna aliyetaka awe mungu, na kwamba vazi la mmishonari lina mikono mirefu.

Na sisi je, sinema ilituzungumzisha lini? Kenya ilikuwa na sheria ya kudhibiti maonyesho ya filamu tangu 1912, na wakoloni waliogopa sana Mwafrika ataona nini kwenye turubai. Kati ya 1935 na 1937 kukawa na jaribio lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kituo chake Vugiri milimani Usambara, pesa za taasisi ya Carnegie. Walitengeneza filamu fupi 35, za posta na akiba, minyoo, chai, malaria ya watoto wachanga, wakazizungusha kwa lori. Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Sauti ilikuwa kwenye sahani za santuri, ikapigwa pembeni, na lugha ilibadilishwa kulingana na mahali: Kiswahili, Kikikuyu, Kiganda, na Kiluo pia. Yaani miaka minne baada ya Trader Horn, mwanamke wa Kiafrika aliyepigwa picha Tanganyika angeweza kufika ukanda wa ziwa akiwa anaelezewa kwa Dholuo, na sauti ya mtu mwingine, mara nyingi mwanamume.

Ndiyo maana DJ Afro hakunishangaza nilipokua, na hanishangazi sasa. Dar walikuwa na Lufufu, sisi tuna Afro.

Siku moja pale bandani spika iliharibika katikati ya muvi. Picha ikaendelea, mdomo wa mwanamke kwenye skrini ukafunguka na kufungika, kimya. Mwenye banda akapigapiga spika kwa kiatu, wapi. Watu wakaanza kudai pesa zao. Ndipo mchimbaji mmoja aliyekaa benchi la nyuma akaanza kuzungumza kwa Dholuo, taratibu, akimfuata yule mwanamke kwa macho. Akampa jina, Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu. Kwenye picha Nyar Karungu alikuwa amesimama ikulu, mbele ya mfalme, akilia. Kwa mdomo wa mchimbaji alikuwa amekuja kudai pesa za samaki alizokopwa tangu Jumanne, na haondoki mpaka alipwe.